Jina Linaloandikwa kwa Kutu

Huku Likoni, Mombasa, chuma hakikai salama. Kila kilo ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na upepo huisambaza hadi kwenye mabati ya paa, bawaba za milango na minyororo ya bodaboda. Meli ya chuma inayoelea baharini kutwa kucha hufungwa vipande vya zinki chini ya maji, kwa kuwa zinki huachia elektroni upesi kuliko chuma. Bahari hula zinki kwanza, meli ikasalimika. Huko Changamwe, linakoanzia bomba la mafuta la kwenda Nairobi lililoanza kazi 1978, kuna somo jingine: mabomba marefu ya chuma yanayozikwa ardhini husukumiwa mkondo mdogo wa umeme mfululizo, chuma kisipate nafasi ya kupoteza elektroni zake.

Geuza mkondo huo, na chuma kitaanza kuliwa. Ziba uso wake wote isipokuwa umbo la herufi, na umeme utaandika. Kwa njia hiyo mhunzi hutia jina lake kwenye kisu bila nyundo na bila moto. Ni kutu ile ile iharibuyo mabati, ila hapa imepewa mpaka na saa ya kuacha.

Jina lina uzito wake. Kisu kilichofuliwa kwa springi ya lori kuukuu hushika makali vizuri, lakini aghalabu huuzwa bila alama yoyote, huku kisu chepesi cha kiwandani kikija na chapa inayong'aa. Mnunuzi aliyekipenda cha mhunzi hana pa kuanzia akitaka kingine. Huko Sheffield, Uingereza, chama cha mafundi visu kilichoundwa kwa sheria mwaka 1624 kilisajili alama za mabwana fundi, na sifa ya mji huo ikasafiri dunia nzima ikiwa imeandikwa kwenye visu.

Pwani yetu haikuanza jana kufua chuma. Al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, aliwataja watu wa Mombasa kuwa wachimbaji wa chuma, na wa Malindi kuwa walipata faida kubwa kwacho. Kusini mwa Likoni, huko Galu karibu na Diani, mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba amechunguza mabaki ya kazi hiyo ya kale. Wataalamu wa vyuma vya kale hukata kipande kidogo, wakakisugua mpaka king'ae kama kioo, kisha wakakipaka asidi ya nitriki iliyozimuliwa kwa spiriti. Asidi haili kila mahali sawasawa: sehemu zenye kaboni nyingi hugeuka nyeusi, zenye kaboni kidogo hubaki nyeupe, na chini ya hadubini huonekana jinsi chuma kilivyopashwa moto na kupozwa. Yaani chuma kikiliwa kidogo husimulia habari zake. Lakini hakisemi mhunzi aliitwa nani. Hilo ni lazima aliandike mwenyewe.

Muhuri wa kugonga kwa nyundo una masharti yake. Hugongwa chuma kingali laini, kabla ya kupashwa moto na kuchovywa kwenye mafuta kipate ugumu. Ukigongwa baadaye unaweza kupasua kisu, na hata ukigongwa mapema, kona kali za herufi zaweza kuwa chanzo cha ufa. Umeme hauna shida hiyo. Haupigi wala haupashi moto wa kutosha kulegeza makali, basi fundi huandika kisu kikiwa kimekwisha, kikiwa kigumu na kimesuguliwa.

Vifaa vyenyewe si vya maabara: betri ya volti 12, waya, chumvi, siki kidogo, pamba na rangi ya kucha. Kisu husuguliwa kisibaki na mafuta, hupakwa rangi ya kucha mahali pa alama, na ikikauka herufi huchorwa kwa sindano mpaka chuma kionekane. Waya wa chanya hufungwa kwenye kisu. Wa hasi huzungushiwa pamba iliyolowa maji ya chumvi na siki, kisha pamba huguswa kwenye herufi. Katikati ya waya iunganishwe balbu ya gari, kwa sababu waya tupu zikigusana betri humwaga mkondo mkubwa wa kuunguza mkono. Balbu huuzuia.

Pamba ikigusa, hapo hapo hutoka povu na uchafu wa kahawia. Povu ni haidrojeni inayozaliwa upande wa hasi. Uchafu ni chuma chenyewe: kila atomu imeacha elektroni mbili na kuhamia majini. Fundi akikosea na kubadilisha waya, kisu kitatoa mapovu tu na jina halitaonekana.

Kiasi kinacholiwa kinahesabika, na aliyetupa hesabu hiyo ni Michael Faraday, mwana wa mhunzi wa Kiingereza, katika kanuni alizochapisha mwaka 1834. Mkondo wa ampea 1 kwa dakika moja huondoa takriban miligramu 17 za chuma. Kama herufi zote pamoja zina eneo la sentimita mraba moja, hicho ni kina cha mikroni 22 hivi, pungufu ya nusu ya unene wa unywele. Inatosha kushikwa na ukucha. Ukizidisha, umeme hula pia pembeni, chini ya rangi, na herufi hunenepa.

Anayetaka maandishi meusi humalizia kwa mkondo geu wa volti chache kutoka kwenye transfoma. Mkondo huo hubadilisha mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, na hujaza herufi tabaka jeusi la oksidi. Stima ya ukutani, volti 240, isiguswe kabisa kwa kazi hii, inaua.

Visu visivyoshika kutu vinataka uangalifu zaidi. Vina kromi, angalau asilimia 10.5, ambayo ndiyo hujenga utando mwembamba wa kukinga kutu. Umeme ukiila kromi, baadhi yake inaweza kugeuka aina yenye sumu inayosababisha saratani. Kazi ifanyike penye hewa, mikono ikiwa na glavu, na maji yaliyotumika yasimwagwe mtaroni wala kisimani.

Kisha kuna chumvi iliyobaki ndani ya herufi. Ikiachwa, itaendelea kula hata betri ikiwa imeondolewa, na hewa ya Likoni itaisaidia mpaka jina liwe mashimo. Basi kisu huoshwa kwa maji ya magadi kuua asidi, husuuzwa vizuri kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, hukaushwa, ndipo rangi ya kucha ifutwe na kisu kipakwe mafuta ya kupikia.