Hukwe Zawose: Mwimbaji Aliyekuwa Mwalimu

Mwanachuo anayepelekwa Nkuhungu, mjini Dodoma, kwa mazoezi ya kufundisha, huweza kudhani kwamba somo la muziki haliwezekani pasipo kinanda wala vitabu. Yafaa basi tutazame maisha ya msanii wa Kigogo aliyetoka katika ukoo wa waimbaji akawa mwalimu.

Hukwe Zawose alizaliwa mwaka 1938 kijijini Doduma, katika nchi ya Wagogo. Alijifunza muziki nyumbani na machungani: alisikiliza, akaiga, akakosea, akarudia. Baada ya uhuru, Rais Julius Nyerere alimwita Dar es Salaam ili sanaa yake iwe mali ya taifa zima. Baadaye alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981. Aliimba katika nchi nyingi za ng'ambo, na mwaka 2002 yeye na Michael Brook wa Kanada walitoa santuri iitwayo Assembly. Alifariki mwaka 2003.

Twajifunza nini kwake? Kwanza, sikio hutangulia jicho. Wengi wetu huandika maneno ya wimbo ubaoni kabla mtoto hajausikia. Matokeo yake darasa husoma badala ya kuimba. Mwalimu na aimbe wimbo mzima, kisha kifungu kimoja kimoja, watoto wakimfuata. Ubao utumike mwishoni.

Pili, chombo ni zana ya kufikiri. Ilimba ni kisanduku cha mbao chenye vyuma vyembamba vinavyopigwa kwa vidole gumba. Chuma kirefu hutoa sauti nene, kifupi hutoa sauti nyembamba. Mwalimu asiwaambie watoto jambo hili. Awaache wabashiri, wapige, ndipo waseme. Asiyekuwa na ilimba na abane rula kwenye ukingo wa dawati, aivute mbele na kuirudisha nyuma huku akiipiga: kanuni ni ile ile.

Tatu, tusimnyime mtoto chombo. Kwa desturi ya Wagogo, wanawake hupiga ngoma ya muheme, lakini ilimba na zeze vilihesabiwa kuwa vya wanaume. Hata katika ukoo wa Zawose mabinti waliitikia na kucheza, wakakaa nyuma. Hata hivyo masikio yao hayakufungwa. Mwaka 2024 Pendo, bintiye Hukwe, pamoja na Leah, mjukuu wake, walitoa santuri yao wenyewe, Maisha, wakiongoza nyimbo na kupiga vyombo hivyo. Ujuzi walikuwa nao siku zote; kilichokosekana ni nafasi.

Hapo ndipo ulipo wajibu wetu. Katika kila darasa yumo msichana anayeitikia kutoka safu ya nyuma, naye wimbo anaujua wote. Mwalimu asipompa ilimba mkononi, nani atampa?