Programu za Kompyuta na Madaraka ya Mfanyakazi Kiwandani

Kiwanda kinapotungiwa programu yake chenyewe ya kusimamia uzalishaji, ghala na hesabu, watu wengi hudhani kuwa hilo ni jambo la mafundi peke yao. Dhana hiyo si sahihi. Ndani ya programu huwekwa uamuzi: kipi kihesabiwe, nani apelekewe habari, na nani atoe amri. Hayo ni masuala ya siasa.

Tuchukue mfano wa Chile. Baada ya Salvador Allende kushika urais mwaka 1970, Serikali yake iliweka viwanda vingi chini ya umma kwa muda mfupi. Je, vingeendeshwaje kwa pamoja? Mwezi Julai 1971 Fernando Flores, kiongozi katika CORFO, shirika la umma la kuendeleza uzalishaji, alimwandikia mtaalamu Mwingereza, Stafford Beer, kumwomba msaada. Kazi waliyoifanya inajulikana kwa jina la Cybersyn.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Wahandisi walichora mwenendo wa kila kiwanda, kuanzia malighafi hadi bidhaa, wakachagua takwimu chache za kufuatwa, ukiwemo utoro kazini. Takwimu hizo zilipelekwa Santiago kwa teleksi. Huko, kompyuta ilizilinganisha na hali ya kawaida ya kiwanda hicho. Ikigundua kasoro, kiwanda chenyewe ndicho kilichoarifiwa kwanza na kupewa muda wa kujirekebisha. Kikishindwa, ndipo taarifa ilipopanda ngazi ya juu. Kwa nadharia, basi, makao makuu hayakuwa nyapara wa kila siku.

Mwezi Oktoba 1972 wenye malori waligoma ili kuiangusha Serikali. Mtandao wa teleksi ukatumika kujua barabara ipi imefungwa, bidhaa ipi imepungua, na malori yaliyokuwa bado yakifanya kazi yaelekezwe wapi. Hapo chombo kilidhihirisha manufaa yake kwa umma.

Lakini ukinzani ulikuwepo. Beer alitaka wafanyakazi wenyewe washiriki kuchora mwenendo wa viwanda vyao. Katika vitendo, wahandisi walizungumza zaidi na mameneja. Mfanyakazi akabaki mtu wa kuhesabiwa utoro wake, wala si mtu wa kuamua kipi kihesabiwe. Tarehe 11 Septemba 1973 majeshi yaliipindua Serikali ya Allende, na kazi hiyo ikakoma.

Sisi tunajifunza nini? Mwaka huo huo wa 1971 Mwongozo wa TANU ulisisitiza kuwa wananchi lazima washiriki katika kupanga maendeleo yao. Kanuni hiyo inahusu kompyuta kama inavyohusu shamba. Kwa hiyo, shirika la umma linapoagiza programu, kada hana budi kuuliza: Je, wafanyakazi wa karakana wameshirikishwa kabla programu haijaandikwa? Je, Baraza la Wafanyakazi linaziona takwimu zile zile anazoziona meneja? Je, mkataba ukiisha, shirika litakuwa na haki na uwezo wa kuirekebisha programu hiyo, au litarudi kila mara kumpigia magoti muuzaji?

Shirika lisiloweza kujibu maswali haya litakuwa limenunua mashine na kuuza madaraka yake. Ni wajibu wetu makada kuyauliza mapema, kabla ya mkataba kutiwa saini.