Mwalimu amtambueje mtegaji katika kazi ya kikundi?

MTEGEMEA cha nduguye hufa maskini, walinena wahenga. Katika kazi za vikundi shuleni, hata hivyo, mtegemea cha nduguye mara nyingi hupata alama sawa na nduguye huyo.

Kasoro hii si ndogo kwa wanafunzi wa Taita Taveta na wenzao kote nchini. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, huhesabu mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Isitoshe, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 huchangia asilimia 20 ya matokeo ya mwisho ya Gredi ya 9.

Ulegevu katika kundi ulipimwa zamani. Mnamo 1913, mhandisi wa kilimo Mfaransa, Max Ringelmann, alichapisha majaribio ya kuvuta kamba. Watu wanane walipovuta pamoja, kila mmoja alitoa kwa wastani karibu nusu tu ya nguvu zake za peke yake. Tafiti za baadaye zilibainisha kwamba ulegevu hupungua pale mchango wa kila mtu unapoweza kutambuliwa. Mwalimu anaweza kuutambua kwa njia mbili: kugawa majukumu na kudai tafakuri.

Mathalani, wanafunzi watano wa Voi wapewe kazi ya kuunda kielelezo cha ua wa mizinga ya nyuki, mbinu ya wakulima wa Sagalla ya kuwazuia ndovu wa Tsavo wasivamie mashamba. Mizinga huning'inizwa na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma, mizinga hutikisika na nyuki hutoka kumfukuza.

Kiongozi huhakikisha kila mmoja amesikizwa. Katibu hunakili maamuzi na jina la aliyetoa wazo. Mtunza vifaa husimamia waya na vipimo. Mhakiki hukagua iwapo kielelezo kinatikisika ipasavyo. Msemaji huwasilisha kazi darasani.

Majukumu hayo sharti yabadilishwe katika kila kazi mpya. La sivyo, msichana mwenye mwandiko mzuri atakuwa katibu hadi amalize shule bila kuwahi kuongoza.

Kazi ikikamilika, kila mwanafunzi hutengewa dakika kumi aandike peke yake: Nilifanya nini? Nani alinisaidia, na vipi? Tulikwama wapi? Tutabadilisha nini? Mwalimu hulinganisha majibu hayo na kumbukumbu za katibu. Wanne wakimtaja mwenzao mkimya kuwa ndiye aliyerekebisha waya, juhudi zake hazitapotea.

Alama nazo zigawanywe: sehemu ya kielelezo iwe ya wote, na sehemu ya mchango iwe ya kila mmoja. Badala ya kuandika "anashirikiana vyema", mwalimu aeleze alichoona, kwa mfano "huuliza maoni ya wenzake kabla ya kuamua". Darasa likiwa kubwa, achunguze vikundi viwili kila kipindi.

Tahadhari ni kwamba tafakuri isigeuzwe mashtaka. Marafiki huweza kupendeleana, na aliyezembea huenda hakuelewa jukumu lake. Mwalimu amhoji kwanza kabla ya kumpunguzia alama.

Kazi inayofuata ianze kwa kikundi kusoma kile kilichoahidi kubadilisha. Hapo ndipo mwalimu atakapojua iwapo ushirikiano umeimarika.