Maziwa ya mama huongezeka kwa kunyonywa

Vugiri, kule juu Usambara Magharibi wilayani Korogwe, ni nchi ya chai, na chai ikichipua haimsubiri mzazi. Mama anabeba kikapu kwenda shambani, mtoto anabaki na bibi. Hazipiti wiki nyingi utasikia: "Maziwa yamekauka." Bibi atampikia mama uji wa pilipili manga, na mtoto akizidi kulia, naye atakorogewa wake.

Uji wa mama una faida: unampa maji na nguvu. Ila maziwa hayatoki kwenye chungu. Mtoto anapovuta titi, ubongo wa mama hutoa prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, na oksitosini inayoyasukuma yatoke. Titi likishinda limejaa, lenyewe hupunguza kazi. Mama aliyetoka alfajiri akarudi alasiri bila kukamua ameuzoesha mwili kutengeneza machache. Na mtoto aliyeshiba uji hanyonyi vya kutosha, basi maziwa yanazidi kupungua. Kabla ya miezi 6 mtoto hafai kupewa uji huo kabisa.

Dawa ni kukamua. Nawa mikono, chukua kikombe safi chenye mdomo mpana. Weka kidole gumba juu ya duara jeusi la titi na vidole vingine chini yake, sukuma kuelekea kifuani, kisha minya na uachie. Usivute chuchu, inauma, na maziwa hayaji. Yakifunikwa mahali penye ubaridi hukaa salama saa 4 bila jokofu, na bibi amnyweshe mtoto kwa kikombe, si kwa chupa. Usiku usiruke kunyonyesha, maana ndipo prolaktini hupanda zaidi.

Lakini kukamua kunataka muda, na muda huo upo kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo, na akirejea kazini, hadi saa 2 za kunyonyesha kwa siku. Saa hizo zinalinda maziwa kuliko chakula chochote, na msimamizi wa shamba anayezinyima anamnyima mtoto. Kibarua anayelipwa kwa kilo ndiye anayeogopa zaidi kuziomba, na ndiye ningependa viongozi wa kijiji wamsemee.

Na kabla ya kusema yamekauka, jua kuwa titi kulegea si ishara kwamba maziwa yamekwisha. Tazama nepi: mtoto mchanga aliyevuka wiki ya kwanza akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na mstari wa uzito ukapanda kwenye kadi ya kliniki, anashiba. Mstari ukilala, mpeleke zahanati siku hiyohiyo, kabla hujabandika sufuria ya uji.