Neno ‘Kikristo’ kwenye jalada halimwondolei mzazi kazi ya kuteua

MZAZI anayeingia katika duka la vitabu vya Kikristo katikati ya jiji la Nairobi Jumamosi asubuhi, watoto wawili wakimfuata nyuma, hukumbana na tatizo ambalo hakulitarajia. Rafu zimejaa Biblia za kila umbo, vitabu vya maombi, vya ndoa, vya biashara na vya nyakati za mwisho, diski za mahubiri na za nyimbo, na kwenye kona moja hadithi za watoto zenye picha za rangi. Vyote vinauzwa kwa jina moja, kwamba ni vya Kikristo. Ni kipi kati ya hivyo kitakachosomwa au kutazamwa na baba, mama, mtoto wa miaka sita, kijana wa miaka 15 na nyanya aliyewasili juzi kutoka kijijini, bila yeyote kati yao kusinzia, kuogopa au kuona haya?

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Wazazi wengi hununua kwa kuliamini neno lililo kwenye jalada. Hufika nyumbani, huwasha runinga, kisha huondoka kwenda kupika au kufua, wakiwa na hakika kwamba watoto hawatadhurika. Ilhali neno hilo hueleza tu mada ya kazi au imani ya mtunzi. Halisemi lolote kuhusu umri wa mtazamaji, ubora wa hadithi, wala ukweli wa mafundisho yaliyomo.

Mfano ulio wazi zaidi ni filamu ya The Passion of the Christ, iliyoongozwa na Mel Gibson na kutolewa mwaka wa 2004. Hakuna awezaye kudai kuwa mada yake si ya Kikristo. Inasimulia saa za mwisho za Yesu, na wahusika wake huzungumza Kiaramu, Kiebrania na Kilatini. Hata hivyo, nchini Uingereza iliwekwa katika daraja la watu wa miaka 18 na zaidi, na nchini Marekani ikapewa daraja la R, ambalo humtaka aliye chini ya miaka 17 kuandamana na mzazi au mlezi. Sababu ilikuwa ukali wa mateso yanayoonyeshwa. Mwaka wa 2005 lilitolewa toleo lililopunguzwa kwa takriban dakika tano ili familia nyingi zaidi ziweze kulitazama, lakini wakadiriaji wa Marekani hawakukubali kulishusha daraja.

Kijana anayejiandaa kwa kipaimara au ubatizo huenda akafaidika akiitazama filamu hiyo Ijumaa Kuu, wazazi wake wakiwa kando yake. Kumwekea mtoto wa chekechea ni jambo jingine kabisa.

Hapa nchini, kazi hiyo ya kupanga madaraja ni ya Bodi ya Kuainisha Filamu (KFCB), chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Alama zake ni rahisi kukumbuka. GE ni kwa watu wote, PG humtaka mzazi atoe mwongozo, nazo 16 na 18 hutaja umri wenyewe. Bodi haimpimi mtengenezaji imani yake. Filamu ya kidini hutakiwa kupitia mlango ule ule inaopitia filamu ya mapigano, na mzazi anayeikagua alama kabla ya kulipa hana la kujilaumu.

Kwamba leseni hizo si karatasi tupu kulidhihirika mwaka wa 2023. Mnamo Novemba mwaka huo, mahakama ya Malindi ilimpata mhubiri Paul Mackenzie na hatia ya kuendesha studio ya filamu na kusambaza filamu bila leseni ya bodi, na mwezi uliofuata akahukumiwa kifungo cha miezi 12. Mahubiri yake kuhusu nyakati za mwisho yalikuwa yakiwafikia watu kupitia kituo chake cha Times TV. Kuanzia Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Katika kesi nyingine zilizotokana na vifo hivyo, zikiwemo za mauaji na ukatili dhidi ya watoto, Mackenzie na washtakiwa wenzake walikanusha mashtaka.

Huo ni mfano uliokithiri, na haitakuwa haki kuwapima wahubiri wote kwa kipimo hicho. Lakini unathibitisha kwamba video inaweza kubisha hodi kwa jina la Kristo na kukaribishwa sebuleni bila mtu yeyote kuikagua.

Hatari iliyo karibu zaidi na familia ya kawaida ni hofu. Tangu miaka ya 1990, filamu za Kikristo kutoka Nigeria zimepata wapenzi wengi Afrika Mashariki. Kundi linalojulikana zaidi ni Mount Zion, lililoanzishwa na Mike Bamiloye mwaka wa 1985, ambalo hadithi zake nyingi huonyesha vita kati ya maombi na nguvu za giza. Mtu mzima huelewa kwamba anayepagawa ni mwigizaji aliyepakwa rangi usoni, na kwamba mwishowe mchungaji atashinda. Mtoto wa miaka mitano hajafikia hapo. Kwake, kilicho kwenye kioo kipo, na usiku huo kitakuwa chini ya kitanda. Ushindi wa mchungaji katika dakika kumi za mwisho haufuti kile alichokiona katika saa nzima ya mwanzo, hasa ikiwa alikwisha kimbia chumbani kabla ya kufika hapo.

Ndivyo ilivyo pia kwa vitabu na filamu za siku za mwisho, ambamo watu hutoweka ghafla na waliobaki hulia. Msururu wa Left Behind wa Wamarekani Tim LaHaye na Jerry Jenkins, ulioanza kuchapishwa mwaka wa 1995, una wasomaji wengi, na wapo watu wazima wanaousifu. Lakini mzazi ajiulize kama anataka mwanawe ajifunze kumpenda Mungu au kuogopa kurudi kutoka shuleni na kukuta nyumba tupu.

Basi ni kazi zipi zinazoweza kuikalisha familia pamoja? Filamu ya Jesus ya mwaka wa 1979 bado ni chaguo jema, ijapokuwa imezeeka. Inafuata Injili ya Luka karibu hatua kwa hatua, haina mbwembwe, na faida yake kubwa kwa familia ya Nairobi ni lugha. Imetafsiriwa katika lugha zaidi ya 2,000 kote duniani, zikiwemo Kiswahili, Gikuyu, Dholuo na Kikamba. Nyanya ambaye hajui Kiingereza ataitazama kama mwenyeji, na pengine kwa mara ya kwanza yeye ndiye atakayewaeleza wajukuu wanachokiona badala ya wao kumtafsiria. Wenye watoto wadogo wanaweza kutafuta toleo fupi la watoto, linalochukua takriban saa moja.

The Prince of Egypt, filamu ya vikaragosi ya mwaka wa 1998 kuhusu Musa, inafaa kwa sababu tofauti. Watengenezaji wake waliwashauri wataalamu wa Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu, na mwanzoni mwa filamu wanakiri kwamba wamejipa uhuru wa kisanaa. Mzazi mwerevu ataugeuza uhuru huo kuwa mchezo. Katika filamu, anayemtoa mtoto Musa majini ni malkia, mke wa Farao. Katika Kutoka sura ya pili, ni binti Farao. Watoto wakiambiwa watafute tofauti kama hizo, Biblia hufunguliwa bila mtu kulazimishwa, na mabishano yanayofuata huwa na faida kuliko hotuba ya mzazi ya nusu saa. Kwa upande mwingine, The Ten Commandments ya mwaka wa 1956, yenye hadithi hiyo hiyo, hudumu kwa zaidi ya saa tatu na nusu. Ni heri igawanywe kwa jioni mbili, la sivyo watakaobaki macho Bahari ya Shamu ikigawanyika ni wazazi peke yao.

Kuhusu vitabu, kipimo bora ni cha kale: je, kinasomeka kwa sauti? Kitabu cha familia si kile ambacho kila mmoja hujifungia nacho, bali kile ambacho mmoja husoma na wengine husikiliza. Ndiyo maana Safari ya Msafiri ya John Bunyan, iliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka wa 1678 na mtu aliyefungwa gerezani Bedford kwa kuhubiri bila idhini, imetafsiriwa katika takriban lugha 80 za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Ni hadithi ya mtu aliye njiani akibeba mzigo mgongoni. Ina majitu, matope na ngome, na kila sura humfanya msikilizaji atake kujua kesho kutatokea nini.

Vitabu saba vya Narnia vya C. S. Lewis, vilivyotoka kati ya 1950 na 1956, vina mvuto kama huo kwa wanaosoma Kiingereza. Wapo Wakristo wanaovikataa kwa sababu mna mchawi ndani yake. Pingamizi hilo linastahili kusikilizwa, lakini kwa haki isemwe pia kwamba mchawi huyo ndiye adui, na kwamba simba anayejitoa afe badala ya mvulana msaliti ni taswira ambayo Mkristo yeyote ataitambua.

Suala la lugha halipewi uzito unaostahili. Krapf alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mara alipofika Mombasa mwaka wa 1844. Ajabu ni kwamba, zaidi ya karne moja na nusu baadaye, rafu ya watoto katika maduka mengi ya Nairobi imejaa Kiingereza, pamoja na theluji na mashamba ya Ulaya. Tena katika nyumba nyingi za jiji hili, anayeshinda na watoto mchana kutwa ni yaya. Kitabu cha Kiswahili chepesi humfanya naye awe msomaji wa familia.

Hata Biblia yenyewe yahitaji kuteuliwa. Tafsiri ya Muungano ya mwaka wa 1952 ina ufasaha ambao wazee hawako tayari kuuacha, lakini Kiswahili chake cha pwani humlemea mtoto aliyezaliwa Kawangware. Biblia Habari Njema, iliyotolewa miaka ya 1990, hutumia lugha rahisi zaidi. Inapatikana ikiwa na vitabu vya Deuterokanoni au bila hivyo, jambo linalofaa kuangaliwa mapema pale baba anaposali kwa Wakatoliki na mama kwa Waanglikana. Chama cha Biblia cha Kenya huziuza katika jengo lake la Bible House, Madaraka.

Tofauti za madhehebu hujitokeza dukani pia. Keswick kwa miaka mingi limekuwa jina la kwanza kutajwa na Waprotestanti wanaotafuta vitabu mjini. Uzima, shirika la Waanglikana, limechapisha kutoka Imani House karibu na Barabara ya Bunge. Wakatoliki huhudumiwa na Paulines, shirika la watawa Mabinti wa Mtakatifu Paulo, lililoanza nchini Italia mwaka wa 1915. Wakazi wa upande wa magharibi hawalazimiki kushuka mjini, kwani Text Book Centre katika Sarit Centre, Westlands, ina sehemu pana ya watoto ambako mzazi anaweza kufungua kitabu na kusoma kurasa tatu kabla ya kuamua. Kurasa tatu zatosha. Zikimchosha mzazi, zitamchosha na mtoto.

Kwa wenye kipato cha chini wa Kangemi na Kawangware, duka limekuwa kibanda cha kando ya barabara, ambako diski za filamu zilirudufiwa na kuuzwa kwa bei ya chai na mandazi. Nyingi hazikuwa na kibandiko cha Bodi ya Hakimiliki (KECOBO), na haikuwa ajabu kukuta jalada la hadithi ya Daudi likiwa na kitu kingine ndani. Kuna kichekesho katika kununua filamu ya Amri Kumi iliyoibwa. Amri yenyewe inayokataza wizi, ambayo ni ya saba kwa Wakatoliki na ya nane kwa Waprotestanti wengi, imo ndani.

Siku hizi diski zimeipisha YouTube, na kazi ya mzazi imekuwa ngumu zaidi. Diski ilikuwa na mwisho, ilhali YouTube ikimaliza hadithi ya Nuhu hujiletea nyingine, na baada ya tatu au nne huenda mtoto akawa mbali na safina. Inafaa mzazi aitazame video nzima mwenyewe usiku uliotangulia, azime uchezaji wa kujiendeleza, na aionyeshe kwenye runinga ambako wote wanaona, si kwenye simu ambayo mtoto mmoja huenda nayo chini ya blanketi.

Gharama nazo zaweza kugawanywa. Familia tano za jumuiya ndogondogo au za ploti moja, kila moja ikinunua kitabu kimoja kwa muhula na kubadilishana kila mwezi, husoma vitano kwa bei ya kimoja. Kinachohitajika ni daftari la kuandika nani amechukua nini na tarehe gani, likabidhiwe mtu asiyeona haya kubisha mlango wa jirani na kudai kitabu kirudishwe.