Kumbukumbu Imejaa: Ulipe Zaidi au Umtafute Mlaji?

Sijamaliza hata shikamoo, mama mwenye nyumba ya wageni akanigeuzia simu yake. Ujumbe wa kampuni iliyompangisha seva ulikuwa mfupi: kumbukumbu imejaa, panda daraja. "Mwanangu, kumbukumbu gani tena? Mimi mbona sijasahau kitu?" Tulikuwa barazani Kaole, Bagamoyo, kusi linapiga, na tovuti yake ya kuwekea nafasi za vyumba ilikuwa imekwama Ijumaa ya tatu mfululizo. Saa zenyewe ni zilezile ambazo watu wa Dar es Salaam, kilomita 70 hivi kutoka Bagamoyo, huanza kutafuta pa kulala Jumamosi.

Kupanda daraja kuna bei yake. Nachukua mfano wa kampuni ya DigitalOcean kwa kuwa bei zake zimebandikwa wazi: seva ya kawaida yenye kumbukumbu (RAM) ya GB 2 ni dola 12 kwa mwezi, GB 4 ni dola 24, GB 8 ni dola 48. Nikiihesabu dola kwa shilingi 2,500 ili kichwa kisiume, ni 30,000, 60,000 na 120,000. Kutoka GB 2 hadi GB 4 mama angeongeza 360,000 kwa mwaka. Kwa hoteli kubwa hiyo ni pesa ya chai; kwa nyumba ya vyumba sita ni magodoro.

Kuangalia, lakini, ni bure. Ukiandika amri ya free -m kwenye seva ya Linux, utaona safu iliyoandikwa "free", na hapo ndipo wengi hushtuka: MB 80 tu! Linux haipendi nafasi ilale bure. Huijaza mafaili yaliyosomwa karibuni, na programu ikihitaji nafasi huiachia. Safu ya kusoma ni "available". Ukikuta humo MB 700, hujajaza kitu, na anayekushawishi upande daraja anakuuzia hofu. Kwa mama haikuwa hofu. Zilibaki MB 60, na kwenye logi niliona Linux imeiua MySQL, hifadhidata ya tovuti, usiku wa kuamkia Jumamosi. Mfumo ukikosa pa kupumua huchagua mchakato mmoja na kuuua, mara nyingi ule mnene kuliko yote, na kwenye seva ndogo mnene huyo huwa hifadhidata. Ndiyo maana tovuti ilikuwa inafunguka lakini haina vyumba.

Nani alikuwa anakula? Tovuti imeandikwa kwa PHP. Kila ombi la ukurasa huhudumiwa na mchakato mmoja, na kwa amri ya ps niliona kila mmoja umekalia MB 60 hivi. Aliyeisimika aliweka pm.max_children, yaani kikomo cha michakato hiyo, kuwa 50. Zidisha mwenyewe: MB 3,000, ndani ya seva ya MB 2,048 ambamo hifadhidata na mfumo tayari vimeshachukua 700. Ni Hiace iliyokatiwa tiketi za basi la mkoani. Siku za kawaida abiria hawajai, hakuna anayegundua. Ijumaa wote wanatokea stendi. Tukashusha hadi 18. Mgeni wa 19 anasubiri kidogo foleni, lakini hakuna anayeuawa. Nikaongeza pm.max_requests ya 500, yaani kikomo cha maombi kwa kila mchakato, ili mchakato unaozidi kunenepa ustaafu na mpya uingie.

Kulikuwa na walaji wengine. Kijana wa mapokezi hupandisha picha za magofu na za ufukwe moja kwa moja kutoka simuni. Picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000 inaweza kuwa faili la MB 4 kwenye diski, lakini seva ikiifungua ili iipunguze, kila pikseli huchukua baiti nne: MB 48 kwa picha moja. Sasa anazipunguza kwenye simu kwanza. Halafu roboti za injini za kutafuta (mafundi huziita boti, ingawa kwa mtu wa Bagamoyo boti ni kitu cha kuvukia) zilikuwa zikibofya "mwezi ujao" kwenye kalenda ya vyumba bila kuchoka. Zilishafika mwaka 2071. Nani atalala Kaole Agosti 2071? Kalenda sasa inakoma miezi 18 mbele.

La mwisho ni la pwani hasa. Mgeni aliye njiani kuelekea Saadani, mtandao umebaki kijiti kimoja, hupokea ukurasa tone kwa tone. Apache, programu ya kuhudumia kurasa, ikitumiwa peke yake kwa mtindo wa zamani, mchakato mzima wenye PHP ndani yake hukaa unamsubiri. Ukiweka Nginx, programu nyingine ya aina hiyo, mbele yake, ndiyo inayosubiri, nayo hula kumbukumbu kidogo mno kwa kila mgeni. Haiuzwi.

Fundi wa kuyafanya haya siku nzima ukimlipa 150,000, pesa hiyo inarudi kwa miezi mitano ya ile nyongeza ya 30,000 kwa mwezi.

Njia nyingine nazo tulizipima. Kutenga sehemu ya diski iwe kumbukumbu ya akiba, yaani swapu, ni bure na inafaa kama tairi la spea. Ukitazama vmstat na kuona safu za "si" na "so" hazitulii, ujue unaendesha kila siku kwa spea. Upangaji wa pamoja, ambao tovuti nyingi zinakaa seva moja, ni rahisi zaidi kwa bei, ila ukomo wa kumbukumbu anauweka mwenye seva na huwezi kuugusa. Kwa wenye kurasa za picha, bei na namba ya WhatsApp tu, mimi ningewaambia wahamie huko leo.

Mwanawe alipendekeza kompyuta ya zamani iliyoko ofisini iwe seva. Wati 100, saa 24, siku 30: uniti 72. Kwa shilingi 356 kwa uniti ya TANESCO, kodi zikiwemo, ni kama 25,600 kwa mwezi, karibu sawa na kodi ya ile seva ya GB 2, kabla hujanunua betri ya kushikia umeme ukikatika wala kulipia intaneti. Na chumvi ya Bagamoyo haibagui. Inakula bati, inakula ubao mama wa kompyuta.

Basi seva ikabaki GB 2. Wiki ya Pasaka na Idi, foleni ya maombi ikiwa ndefu kweli na hakuna mlaji wa kumfukuza, tutapanda GB 4 na kushuka tena. Kwa DigitalOcean hilo linawezekana ukichagua kuongeza kumbukumbu na prosesa peke yake. Ukikubali na diski ikue, hakuna kurudi: diski ikishapanuliwa haipunguzwi, na ile 60,000 utailipa hata Mei, mvua ya masika inanyesha na vyumba vyote vitupu.