Mfuko wa Nyongo Ukiziba

Kila mtu wa Bibokoboko aliyepata kuona ng'ombe akichinjwa aijua nyongo. Mchinjaji ageuzapo ini, huutafuta kwanza ule mfuko wa kijani, naye huukata polepole asije akaupasua. Ukipasuka, ini huwa chungu na hakuna atakayelila.

Binadamu naye ana mfuko kama huo. Umelala chini ya ini, upande wa kuume, chini ya mbavu. Urefu wake ni sentimeta 7 hadi 10 tu. Ini hutengeneza nyongo mchana na usiku, na mfuko huiweka akiba. Tulapo chakula chenye mafuta, mfuko hujikaza na kuimwaga nyongo katika utumbo, ili mafuta yale yapate kusagika. Ndivyo Mungu alivyotuumba, na kazi hiyo ni njema.

Lakini kwa watu wengine nyongo huganda ndani ya mfuko na kuwa mawe. Wanawake waliozaa mara nyingi huyapata kuliko wanaume, na wazee kuliko vijana. Hata mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu aweza kuyapata. Wengi hukaa na mawe maisha yao yote wasijue. Taabu huja siku ile jiwe linapoziba mlango wa mfuko. Nyongo haitoki. Mfuko huvimba na kuuma sana, vijidudu huzaana ndani yake, na nyongo hugeuka usaha. Katika wagonjwa 100 wa namna hii, 90 au zaidi wana mawe. Waliobaki hawana jiwe, bali mfuko wao umeugua kwa sababu mwili mzima ni mahututi, au kwa homa ya matumbo.

KOSA LANGU

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja alinijia alfajiri. Mama yake alikuwa na homa, alitapika usiku kucha, na tumbo lilimwuma. Nilijisemea, "Hii ni malaria," nikampa dawa. Siku ya pili maumivu yalizidi. Jirani mmoja alisema mama amelishwa sumu, akaleta majani ya kumharisha. Akaharisha, nguvu zikamwisha. Siku ya nne ndipo nilipomlaza chali nikaweka mkono wangu chini ya mbavu za kuume. Nikamwambia, "Mama, vuta pumzi." Akaanza kuivuta, mara ikakatika katikati, naye akaushika mkono wangu kwa nguvu. Hapo nilijua. Ndugu zangu, ishara hiyo yajulikana tangu zamani. Daktari Murphy wa Chicago aliifundisha mwaka 1903. Nami nilikuwa nimejifunza, lakini kwa siku tatu sikumgusa mama yule tumboni hata mara moja.

Vijana walifunga tipoyi, wakapokezana kumteremsha mlimani mpaka hospitali moja iliyo chini kando ya ziwa. Daktari alimpima. Mfuko ulijaa usaha. Lakini mama alikuwa mzee, moyo wake umechoka, miguu imevimba, na kulala chali hakuwezi kwa kukosa pumzi. Mwanawe alisema, "Daktari, mpasue, ulitoe hilo jiwe." Daktari akamjibu, "Mwanangu, nikimpa dawa ya usingizi leo, naogopa hataamka. Tutautoa usaha kwanza."

KUTOA USAHA BILA KUONDOA MFUKO

Kwanza alipewa seramu na antibiotiki kwa sindano. Kisha daktari alichoma dawa ya ganzi katika ngozi, mahali pamoja tu, akafungua tundu dogo chini ya mbavu mpaka kwenye mfuko. Usaha mwingi ulitoka, wa kijani na wenye harufu mbaya. Akaweka mpira mwembamba ndani ya mfuko, akaushona usitoke, na ncha ya nje akaiingiza katika chupa safi. Mama alikuwa macho wakati wote, mkono wake katika mkono wa mwanawe. Siku ya pili homa ilishuka. Siku ya tatu aliomba uji.

Kazi hii si ngeni. Daktari John Bobbs alifungua mfuko wa nyongo wa mwanamke mmoja huko Indianapolis, Marekani, mwaka 1867, akayatoa mawe, na mgonjwa akapona. Mwaka 1882 Daktari Carl Langenbuch wa Berlin aliuondoa mfuko wote kwa mara ya kwanza, na tangu hapo kuuondoa ndiko kumekuwa dawa hasa. Siku hizi, mahali penye mashine ya ekografi, daktari huutazama mfuko katika picha, hupitisha sindano ndefu kwenye ngozi na mara nyingi katika ini, kisha huuingiza mpira bila kukata sana. Pasipo na mashine, tundu dogo kwa dawa ya ganzi laweza kuokoa maisha vilevile.

Lakini mtu asifikiri kwamba mpira ni dawa rahisi inayomfaa kila mgonjwa. Katika nchi ya Uholanzi madaktari waliwajaribu watu 142 waliokuwa wagonjwa wa hatari, ingawa si wale walio mahututi kabisa. Wengine waliondolewa mfuko kwa matundu madogo, wengine walitiwa mpira. Habari zake zilitolewa mwaka 2018. Kati ya waliopasuliwa, 12 katika kila 100 walipata madhara makubwa. Kati ya waliotiwa mpira, 65 katika kila 100 waliyapata, maana mawe yalibaki na ugonjwa uliwarudia wengi. Basi mtu awezaye kuvumilia kupasuliwa, na apasuliwe. Mpira ni kwa yule ambaye moyo, mapafu au udhaifu wake haumruhusu, na kwa yule ambaye antibiotiki hazikumsaidia. Mpira huokoa leo, ili kesho ifikiriwe.

KUUTUNZA MPIRA NYUMBANI

Mgonjwa aweza kurudi nyumbani na mpira wake. Kwa kawaida hukaa majuma 3 hadi 6, mpaka mwili ujenge njia imara kuuzunguka. Ukivutwa mapema, nyongo yaweza kumwagika ndani ya tumbo, na hiyo ni hatari ya kufa. Kwa hiyo:

1. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuugusa.
2. Chupa au mfuko wake ukae chini kuliko tumbo sikuzote. Mwage kila siku, upime na kuandika kiasi na rangi.
3. Kitambaa cha kidonda kiwe safi na kikavu.
4. Ufunge mpira vizuri kwenye ngozi, usinaswe na nguo wala na mtoto mchanga.
5. Ukichomoka, ukiacha kutoa kitu ghafula, au ukitoa damu, au homa ikirudi, nenda hospitali siku iyo hiyo. Usiurudishe mwenyewe.
6. Daktari peke yake ndiye auondoaye, naye kwanza hutazama kama njia ya nyongo imefunguka.

Mama yule aliondolewa mpira wake, akarudi milimani. Moyo wake haukupata nguvu ya kupasuliwa, na mawe yalibaki. Baada ya miezi maumivu yalirudi. Lakini safari hii mwanawe hakungoja. Walishuka siku ile ile, na antibiotiki peke yake zilitosha.

UJUE DALILI

Maumivu ya juu ya tumbo upande wa kuume yanayopita saa sita, pengine yakienda mgongoni au kwenye bega la kuume; kutapika; homa; pumzi kukatika mkono ukiwekwa chini ya mbavu. Macho yakiwa manjano, mwili ukitetemeka, tumbo likiwa gumu, au mgonjwa akianza kupotewa na akili, hatari imekuwa kubwa. Usimpe dawa ya kuharisha. Usimchanje. Usimlishe. Pima malaria, lakini ukiikuta usiache kulipapasa tumbo, kwa maana mtu mmoja aweza kuwa na magonjwa mawili.

Katika Injili ya Marko sura ya 2 twasoma habari za watu wanne waliomchukua mwenzao aliyepooza. Nyumba ilijaa watu, mlango haukupitika, nao wakaifungua dari. Hawakusema, "Tungoje mpaka watu watawanyike." Yesu aliiona imani yao, si ya mgonjwa peke yake. Katika vijiji vyetu njia ya kushuka ni ndefu na ya mawe, na miaka hii ya vita imeiongezea hofu. Hata hivyo, ndugu, mabega manne yaliyo tayari siku ya kwanza humfaa mgonjwa kuliko mabega arobaini siku ya nne. Nami mwuguzi, kazi yangu ni kuuweka mkono tumboni mapema, nipate kuwaambia, "Mchukueni, mwende."